Kitufe cha Pakawa

Faili lilikuwa na ukubwa wa megabaiti tatu na kitu. Nililikuta Februari 2021 kwenye CD niliyoiandika kwa kalamu nyekundu, PAUKWA – MWISHO – USIFUTE. Nikalibofya mara mbili, na kompyuta ikaniuliza ningependa kulifungua kwa programu gani. Swali la adabu kabisa, ila programu yenyewe haikuwepo tena.

Ndani ya faili hilo mna sauti ya bibi yangu. Mwaka 2007 nilimrekodi Pangani, barazani kwake, kwa redio kaseti ya mjomba, akisimulia hadithi tatu. Mwaka uliofuata nilikuwa chuoni Dar es Salaam, nina nakala ya Flash ambayo naomba nisiulizwe niliipata wapi, na nina wazo lililoninyima usingizi: kutengeneza hadithi ya kuwekwa kwenye tovuti, ambayo haiendi mpaka msomaji aitikie. Bibi anasema "Paukwa!" Kisha kimya. Kwenye skrini kuna kitufe kimoja tu, kimeandikwa "Pakawa". Usipobofya, bibi anakohoa kidogo, anarudia. Ukikaa kimya mara tatu anasema, "Haya, mmelala," na kandili niliyoichora inafifia mpaka inazimika. Kikohozi hicho na maneno hayo sikuyatunga. Yamo kwenye kaseti, maana watoto wa jirani jioni ile walisinzia kweli.

Nilimaliza hadithi moja. Mbili zilizobaki nilisema nitazifanya likizo, na kabla ya likizo mjomba akarekodi taarabu juu ya kaseti ileile. Bibi alifariki mwaka 2011. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba kuchagua njia ya kuweka vitufe, sauti na picha zinazosogea kwenye tovuti ni mambo ya mafundi, namwelewa, ila siwezi kumuunga mkono.

Lakini nilikaa kuandika kuhusu kazi ya mtu mwingine, iliyotengenezwa miaka kumi na miwili kabla ya yangu na ambayo mpaka leo hii inafunguka.

Mwaka 1996 Olia Lialina, msanii wa Moscow aliyekuwa ametokea kwenye ulimwengu wa filamu, aliweka mtandaoni kazi aliyoiita "My Boyfriend Came Back from the War". Kisa chenyewe kimo katika jina: mwanamke, na mpenzi wake aliyerudi kutoka vitani. Wamekaa pamoja na hawajui waanzie wapi. Unaona picha yao, nyeusi na nyeupe, chembe zake kubwa kama picha ya gazeti, nyuso zao hazikutani. Unabofya, na skrini inagawanyika. Unabofya tena, nusu moja inagawanyika. Kila kijumba kina sentensi fupi au picha, na kila ukikigusa, sentensi inabadilika au kijumba kinazaa vijumba vidogo zaidi. Nani anasema nini, huambiwi. Swali la huku linaweza kujibiwa na kijumba cha kule, au lisijibiwe. Kuna mashaka, kuna habari ya ndoa, kuna jambo lililotokea wakati mmoja alipokuwa hayupo. Ukiendelea, vijumba vinaishiwa maneno kimoja kimoja, vinabaki vyeusi.

Hicho ndicho kisa chote, na mtu mwenye haraka anakimaliza kwa dakika kumi.

Kilichonishika mara ya kwanza ni vifaa alivyotumia. Fremu, yaani uwezo wa kuugawa ukurasa mmoja katika vidirisha vinavyojitegemea, ziliingia na Netscape 2, na karibu kila mtu alizitumia kwa kazi moja: orodha ya viungo kushoto, habari kulia. Zilikuwa kama kabati la ofisini. Lialina akaona ndani yake kitu kingine kabisa. Akaona kwamba mstari unaotenganisha fremu na fremu ni ukuta, na kwamba watu wawili wanaweza kuishi pande mbili za ukuta huo wakiwa chumba kimoja. Aliyewahi kupanga chumba kilichogawanywa kwa pazia anajua ninachosema: unasikia kila kitu, na huruhusiwi kujibu.

Niliiona kazi hii kwa mara ya kwanza mwaka 2008 kwenye intaneti kafe mjini Tanga, na mazingira yale yaliisaidia. Kebo ya SEACOM haikuwa imeanza kazi bado, ilikuja kuanza Julai 2009. Sisi tulikuwa tunapitia satelaiti, na ukibofya kitu unapata muda wa kusalimiana na jirani. Nilibofya sentensi ya mwanamke. Kijumba kikawa tupu. Nikasubiri. Jibu la mwanamume lilipokuja, nilikuwa nimeshawaza majibu matatu tofauti, na lililokuja halikuwa hata moja. Leo, kwa laini ya kasi, jibu linatokea kabla kidole hakijainuka, na nadhani kazi imepungukiwa kitu. Ule ukimya haukuandikwa popote ndani ya kurasa zake. Uliletwa na waya.

Siisifu yote. Ukiifungua kwenye simu, vijumba vya mwisho vinakuwa vidogo kama mbegu za ubuyu, unalazimika kuvuta skrini kwa vidole viwili ili usome, na hapo mpangilio wote, ambao ndio kazi yenyewe, unatoka nje ya macho. Mwisho wake pia naona umepambwa mno. Ule weusi wa vijumba vilivyokwisha maneno ni picha nzuri ya ukutani, lakini watu wawili wa namna ile hawafikii weusi mtulivu hivyo. Sehemu yenye nguvu ni ya katikati, pale ambapo vijumba vinne au vitano viko hai kwa wakati mmoja na wewe msomaji ndiye unayeamua nani aongee. Hapo unajikuta unamkwepa mtu. Mimi nilikuwa namkwepa mwanamume. Nilibofya vijumba vya mwanamke mpaka vikaisha, ndipo nikarudi kwake kwa aibu.

Bibi angeelewa. Wasimulizi wa kwetu hawaulizi "Paukwa" kwa ajili ya mapambo. Wanapima nani yu macho. Kiitikio kikiwa dhaifu, msimulizi anarudia. Kikikosekana, anafunga hadithi na watu wanakwenda kulala. Msikilizaji anayeitikia hachagui mwisho wa hadithi wala hambadilishi sungura kuwa fisi. Anachofanya ni kukubali kuwapo. Hicho ndicho kipimo ninachotumia ninapokutana na hadithi yenye vitufe: nikiondoa kidole changu, ni nini kinachokosekana? Taarifa ndefu ya New York Times ya Desemba 2012, "Snow Fall", kuhusu maporomoko ya theluji huko Tunnel Creek, ilisifiwa dunia nzima kwa ramani zake zinazosogea kadiri unavyoteremka. Ni uandishi wa hali ya juu, na mwaka uliofuata John Branch alipata Tuzo ya Pulitzer kwa kazi hiyo. Ichapishe kwenye karatasi, ramani zote zikiwa zimesimama, na bado utaogopa. Vidole havikuwa na kazi kubwa pale.

Sasa Flash. Vijana wanaoicheka leo hawakuwahi kujaribu kusogeza picha moja ionekane sawa kwenye Internet Explorer na kwenye Firefox. Mimi nilijaribu. Kitu kilekile unakiandika mara mbili, unakijaribu kwenye kompyuta ya rafiki, kinapinda. Kabla ya hapo Java ilikuwa imekuja, mwaka 1995, na ahadi ya kwamba utaandika mara moja na programu yako itaendeshwa popote. Flash ndiyo iliyoikaribia ahadi hiyo kwa watu kama sisi, wasio wahandisi. Ilitupa jukwaa, mstari wa wakati, sauti na kalamu, na ulichokiona kwenye kompyuta yako ndicho alichokiona mtu wa Toronto, mradi ana kichezeshi chake. Kwa miaka kumi hivi hakuna njia nyingine iliyomfanya mtu mmoja chumbani kwake aweze mambo mengi kiasi kile.

Bei yake ilikuwa kwamba kazi yako haikukaa kwenye ukurasa. Ilikaa kwenye chumba cha wageni ndani ya ukurasa, na ufunguo wa chumba ulikuwa wa kampuni moja. Aprili 2010 Steve Jobs aliandika barua ya wazi akieleza kwa nini iPhone haitaipokea Flash. Novemba 2011 Adobe wenyewe wakatangaza kuiacha Flash ya kwenye vivinjari vya simu. Julai 2017 wakatangaza tarehe ya mazishi: mwisho wa 2020. Na kuanzia tarehe 12 Januari 2021 kichezeshi chenyewe, hata kama ulikuwa umekihifadhi, kilikataa kuchezesha. CD yangu niliikuta mwezi mmoja baadaye. Sina wa kumlaumu. Tangazo lilitolewa miaka mitatu na nusu kabla, na nililisoma, nikasema nitazifanya likizo.

Fremu nazo zilihukumiwa. Kanuni za HTML5, zilizopitishwa rasmi mwaka 2014, zinawaambia waandishi wa kurasa wasizitumie tena fremu za namna ile. Lakini kanuni hizohizo zinavitaka vivinjari viendelee kuzionyesha, kwa sababu kurasa za zamani zipo. Ni kama mzee anayewaambia vijana nguo hii msivae, halafu akivaliwa nayo na marehemu haivui. Kazi ya Lialina inaishi ndani ya upole huo. Wasanii wengine wameiiga kwa miaka mingi, kwa video, kwa rangi juu ya karatasi, kwa Flash pia, naye amekuwa akizikusanya nakala hizo katika jumba lake la makumbusho la mtandaoni. Mwaka 2016 zilionyeshwa Basel, Uswisi, kuadhimisha miaka ishirini. Nakala zilizotengenezwa kwa chombo kipya zaidi zikatangulia kuzeeka, na ile ya asili, iliyoandikwa kwa alama ambazo mtu anaweza kuzisoma kwa macho, ikabaki.

Hapa mtu makini atanipinga, na nimeshapingwa. Rafiki yangu mmoja mtengeneza michezo ya kompyuta alinisomea hesabu: ukitaka kazi yako ifunguke kila mahali na milele, utaandika kwa ajili ya kompyuta dhaifu kuliko zote, na sanaa haijengwi kwa unyonge. Nilimtajia "Depression Quest" ya mwaka 2013, ya Zoë Quinn, Patrick Lindsey na Isaac Schankler. Imejengwa kwa Twine, chombo kinachotoa ukurasa wa kawaida wa tovuti. Kuna maandishi na kuna viungo vya kuchagua, basi. Lakini kadiri mhusika anavyozama katika sonona, baadhi ya chaguo zinakatwa kwa mstari. Unazisoma. Unaziona kabisa, na hazibofyeki. Sijawahi kuona kitufe kinachosema mengi kama hicho kisichofanya kazi, na kinahitaji kompyuta yenye uwezo wa kupiga mstari juu ya neno. Halafu kuna "With Those We Love Alive" ya Porpentine, ya mwaka 2014, nayo ya Twine, ambayo mara kwa mara inamwomba msomaji achukue kalamu na achore alama juu ya ngozi yake mwenyewe. Sehemu hiyo inafanya kazi kwenye kila kifaa kilichowahi kutengenezwa.

Rafiki akasema hizo ni mbili tu. Kweli. Na yuko sahihi kwamba kuna mambo ya Flash ambayo mpaka leo nayakosa, wepesi wa kuchora na kusogeza palepale. Young-Hae Chang Heavy Industries, wasanii wawili wa Seoul, walijenga jina lao kwa Flash: maneno makubwa meusi yakipigwa kwa mdundo wa jazi, haraka kuliko unavyoweza kusoma, bila kitufe cha kusimamisha. Wao walikataa makusudi kumpa msomaji kazi ya kubofya. Kwa hiyo Flash ilipoondoka, kazi zao ziliweza kutazamwa kama video bila kupoteza kitu kikubwa. Linaniuma kidogo hilo. Aliyemnyima msomaji mkono ndiye aliyeokoka kwa urahisi. Video ya hadithi yangu ingekuwa mtu mwingine anamwitikia bibi kwa niaba yako.

Nilianza na Ruffle, programu huria inayojifanya kuwa Flash. Internet Archive walikuwa wameanza kuitumia Novemba 2020 kuhifadhi katuni na michezo ya zamani. Nikaliweka faili langu. Kandili ikawaka. Baada ya sekunde mbili bibi akasema, "Paukwa!"

Nilikuwa peke yangu chumbani, nikaitikia kwa sauti.

Nikabofya kitufe. Hakikusogea. Nilikuwa nimekiandika kwa ActionScript 3, lugha mpya ya Flash ya wakati ule, kwa sababu mwaka 2008 nilitaka kuonekana najua, na sehemu hiyo Ruffle ilikuwa bado haijaikamilisha. Bibi hakukohoa, hakurudia. Kandili iliendelea kuwaka tu. Nilikaa pale nikibofya kama mtu anayegonga nyumba ambayo taa inaonekana dirishani.

Sauti nilikuja kuitoa kwa programu ya kufumua mafaili ya Flash. Imechoka, mwaka 2008 niliibana mno ili ipite kwenye laini zetu, na sasa bibi anaongea kama yuko ndani ya mtungi. Nikaamua kuijenga upya kwa kurasa za kawaida, kila kipande cha hadithi ukurasa wake, na "Pakawa" ni kiungo cha kawaida kabisa kinachokwenda ukurasa unaofuata. Kikohozi na kule kurudia vinaletwa na skripti ya mistari kumi na mmoja. Skripti isipofanya kazi, kiungo kinafanya. Sauti isipotoka, maneno yake yako chini, nimeyaandika kama alivyoyatamka, na "mmelala" imo. Mwenzangu niliyesoma naye chuoni, ambaye haoni na hutumia programu ya kusoma skrini, aliwahi kulifungua lile la Flash akasikia kimya kitupu, na mimi kwa ujinga nilimwambia ni la kutazama. Hili jipya alilimaliza peke yake, akanipigia simu kulalamika kwamba fisi amekufa mapema.

Jambo moja sikulitarajia. Vivinjari vya siku hizi haviruhusu ukurasa upige sauti kabla mtu hajaugusa. Chrome ilianza ukali huo 2018, kwa sababu ya matangazo yanayopayuka. Maana yake bibi hawezi tena kuanza. Anayeanza lazima awe mgeni. Nilikasirika siku mbili, nikaona nimeharibiwa mpangilio wote: msimulizi ndiye mwenye kutoa neno la kwanza. Siku ya tatu nikaweka kiungo kingine mbele ya vyote, mlangoni, nikakiandika "Hodi". Unabisha, ndipo anasema "Paukwa". Sasa siwezi kufikiri ilikuwaje mwanzoni nilimwacha kila mtu aingie barazani kwa bibi bila kubisha hodi.

Nimeijaribu kwenye kompyuta ya mezani ya maktaba moja yenye kivinjari cha zamani, kwenye kompyuta mpakato yangu, kwenye tableti ya shangazi iliyopasuka kioo, na kwenye simu ya binamu yangu wa Muheza. Pale kwa binamu, mwanawe wa miaka mitano aliinyakua simu kabla sijaeleza chochote. Akabofya "Hodi" kwa sababu ndicho kitu pekee kilichokuwepo. Bibi akasema, "Paukwa!" Mtoto akaisogeza simu karibu na mdomo, akapaza sauti, "Pakawa!" Akasubiri.

Bibi akakohoa, akarudia.

"Bofya hapo," nikamwambia. "Pale palipoandikwa."

Akanitazama kwanza, kisha akaitazama simu, akavuta pumzi na kuitikia tena kwa nguvu zaidi.